Uchekeshaji wa jukwaani ukiwa Lamu: kutoka dakika tano za kwanza hadi hadhira inayolipa

Lamu haijapungukiwa na watu wa kuchekesha. Kaa Mkunguni alasiri yoyote, mbele ya Ngome, uwasikilize wacheza bao wanavyorushiana maneno: utasikia utani uliokatwa vizuri kuliko mwingi unaouzwa kwa tiketi Nairobi. Kinachokosekana ni jukwaa, yaani mahali penye maiki na watu waliokuja kwa ajili hiyo tu. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji hukimbilia simu. Anarekodi, anaposti, anatazamwa na maelfu, halafu siku anapoalikwa kusimama mbele ya watu mia kwa dakika kumi, maneno yanamwishia dakika ya tatu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kazi gani. Elsa Majimbo alijulikana duniani mwaka 2020 akiwa nyumbani na simu, miwani ya giza na krispi za pakiti. Crazy Kennar alijenga jina kwa video fupi za kuigiza na wenzake. Hizo ni kazi halali na zina soko. Lakini mtu anayetaka kusimama peke yake, bila mwenzake wa kumpokea, bila kukata na kuunga, anahitaji mazoezi ya aina nyingine, na simu pekee haiyatoi. Ndiyo maana hapa nimeanzia kwenye daftari, nikaenda ukumbini, na intaneti nikaiweka baada ya hapo.

Hatua ya kwanza: andika dakika tano

Dakika tano zenye kicheko ni nyingi. Churchill Show ya Daniel Ndambuki, iliyowatoa wachekeshaji wengi wa Kenya, ilimpa mgeni dakika chache tu, na katika hizo watu waliamua kama wanamtaka tena au la. Usianze na mipango ya saa nzima.

Malighafi iko kwako: boti ya Mokowe iliyojaa na nahodha bado anaita abiria, punda aliyeziba uchochoro, mgeni wa Ulaya anayevaa kikoi kumpita mjomba wako, shangazi anayekuuliza utaoa lini mbele ya watu wasiohusika. Tembea na daftari, au jirekodi kwa sauti kwenye simu kabla wazo halijapotea.

Kisha kaza. Tazama wazo moja lilivyo likiwa bichi:

"Lamu ni mji mdogo sana, watu wote wanajuana, huwezi kufanya jambo kwa siri. Ukienda mahali, mtu atampigia mama yako simu amwambie nimemwona mwanao, na mama naye atakuuliza."

Hayo ni maelezo. Hakuna atakayebisha, wala hakuna atakayecheka. Sasa hili:

"Nimetoka nyumbani Langoni saa kumi. Saa kumi na dakika tano niko Mkunguni. Simu inalia: mama. 'Hiyo soda, amekulipia nani?'"

Hukusema mji ni mdogo. Wasikilizaji wamejisemea wenyewe. Soda haikutajwa kabla, kwa hiyo inawashtua wao kama ilivyokushtua wewe. Na swali limekwisha kwa "nani", pale pale penye shaka ya mama. Ukilipindua useme "nani amekulipia hiyo soda?", pigo, yaani kile kinachochekesha, linatoka mapema na sentensi inaendelea kutembea wakati watu wanataka kucheka. Chunga jambo hili katika kila kichekesho: neno linalobeba pigo likae mwisho, na baada yake unyamaze.

Wakishacheka, tia mkia: "Na mama yuko Mombasa tangu Jumatatu."

Mkia ni bei rahisi kuliko kichekesho kipya, kwa sababu matayarisho ulishayalipia. Kabla ya kuacha wazo lolote, litafutie mikia miwili mitatu. Katika dakika tano nzima, lenga kicheko kila baada ya sekunde 15 au 20. Penye nusu dakika bila kicheko pana maneno ya kufuta.

Watu huniuliza kuhusu lugha: Kiamu, Kibajuni, au Kiswahili cha shule? Sema unavyosema nyumbani. Ukipanda jukwaani na lugha ya kuazima, Sheng ya kujilazimisha kwa mfano, watu wa Nairobi watakupima kwa kipimo chao na watu wako watashangaa umekuwa nani. Ugumu wa kueleweka hutatuliwa kwa maandishi chini ya video.

Hatua ya pili: jaribu barazani, lakini usiliamini sana baraza

Baraza ni mahali pazuri pa kujaribia, kwa sharti usitangaze kwamba una kichekesho. Kiingize katika mazungumzo kama jambo lililokupata, na simu yako ikiwa mfukoni inarekodi sauti yako. Usiku usikilize peke yako. Weka alama walipocheka, walipotabasamu tu, na ulipolazimika kueleza. Hapo pa kueleza ndipo penye tatizo.

Ila barazani wanakujua. Wanacheka kwa kuwa wanamjua mama yako, wanajua alivyo. Kichekesho kinachohitaji wamjue mama yako hakivuki maji. Kwa hiyo kipeleke kwa mtu asiyekujua: abiria kwenye boti, fundi kutoka bara, mtu wa Kizingitini aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Asiyekujua akicheka, kiandike kwenye karatasi safi.

Hatua ya tatu: jua unakaa wapi

Mchekeshaji wa London akimtania jirani yake, huenda wasionane tena. Wewe kesho asubuhi utakutana naye kwenye uchochoro ambao hauwezi kupisha watu wawili. Jiseme mwenyewe kwanza, kisha aina ya watu, na mtu mmoja anayetambulika mwache mpaka akupe ruhusa. Talaka za watu, deni la mtu, ulemavu wa mtu: hata bila jina, mji utalitia jina kabla hujashuka.

Kuhusu dini, waumini wanachekesha, ibada iache. Yule anayeuliza saa ya Maghribi tangu adhuhuri ni wetu sote, na hata shekhe atamcheka.

Makabila yanataka uangalifu zaidi. Kaunti hii iliona mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, na mambo ya ardhi na asili ya mtu bado ni kidonda. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza matamshi ya chuki, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inagusa unachoposti. Ukitaka kuutania ubishi wa Wabajuni, uwe Mbajuni, au uwe umeoa huko.

Sikubali kwamba vichekesho visafi ni dhaifu. Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alichekesha miaka mingi na bado ungeweza kumtazama ukiwa na bibi yako sebuleni. Katika mji wetu hilo lina faida ya pesa pia: anayekuita kwenye harusi ni baba wa bwana harusi.

Hatua ya nne: jenga jukwaa lako mwenyewe

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hatua hii ndiyo wengi huiruka.

Tafuta mahali padogo. Kosa linalovutia ni kuchagua ufukoni au uwanja wazi mbele ya bahari kwa kuwa panapendeza kwenye picha. Kicheko kinahitaji kuta. Mtu husikia mwenzake akicheka ndipo naye ajiachie. Upepo wa bahari ukikibeba, kila mmoja anabaki anacheka peke yake na ukumbi unaonekana baridi. Paa la makuti juu ya nyumba lina shida hiyo hiyo, na upepo wa kusi ukivuma maiki hulia kuliko wewe. Kiwanda cha nyumba ya kale, yaani ua wake wa ndani, ni kizuri sana: kuta nne, watu karibu, mlango mmoja. Kuta za mawe hurudisha sauti, basi tandika mikeka na utundike leso nzito mbili tatu nyuma ya jukwaa. Ukumbi wa mkahawa au wa hoteli ndogo pia unafaa.

Namna ya kumwendea mwenye mahali: usiombe msaada, peleka biashara. "Ami, Jumanne ukumbi wako hulala mtupu. Nipe saa mbili. Chakula na vinywaji vyote ni mauzo yako, kiingilio ni changu." Chagua siku yake mbovu, si Ijumaa wala Jumamosi. Akikubali, mpelekee chifu na mkuu wa kituo cha polisi barua mapema, ukitaja saa ya kuanza na ya kumaliza. Majirani nao waambiwe kwa mdomo. Kwa mama wa nyumba ya pili nenda mwenyewe, usitume mtoto.

Saa ya kuanza ni mbili na nusu usiku, watu wameshaswali Isha. Maliza kabla ya saa nne. Watu wa Shela wanafikiria boti ya kurudi, na mwenye kufikiria boti hacheki.

Viti: kama unatarajia watu 40, panga 30 na uvifiche 10. Viti vikiongezwa watu wanaona pamejaa. Viti vikibaki wazi wanaona umekosa watu. Visogeze mbele mpaka mtu wa kwanza aweze kukushika mkono. Mwanga ukuangukie wewe, wao wakae gizani kidogo, kwani mtu anayeonekana huona haya kucheka. Uwe na spika ya kuchaji. Stima ikikatika, endelea. Hizo dakika za giza mara nyingi ndizo watu watakazosimulia.

Usifanye peke yako. Tafuta wenzako watatu na mshereheshaji mmoja, kila mmoja dakika saba hadi kumi, mwenye nguvu zaidi mwisho na wa pili kwa nguvu mwanzo kabisa. Kazi ya mshereheshaji ni kuwapasha watu moto na kufuta kilichoharibika, si kujionyesha. Mtunga mashairi mmoja wa kujibizana katikati atakusaidia kuliko msanii wa kuimba na muziki wa kurekodiwa. Watu wa Lamu husikiliza shairi kwa masikio yaliyosimama, na ukipanda baada yake utayakuta bado yamesimama.

Hesabu ya mfano, weka bei zako: watu 40 kwa shilingi 200 ni 8,000. Viti 800, spika 2,000, washiriki wanne 1,000 kila mmoja. Zinabaki 1,200. Ni kidogo, najua. Toza hata hivyo. Aliyeingia bure huja akiwa na shughuli nyingine mkononi, na ndiye wa kwanza kupiga simu katikati ya hadithi yako.

Kalenda ya mji iheshimu. Ramadhani pumzika jukwaani uandike. Baada ya tarawehe mabaraza hujaa na masikio yako huru. Idd ndiyo wiki ya dhahabu. Maulidi hujaza mji wageni, lakini wamekuja kwa jambo jingine, waache. Tamasha la utamaduni la mwisho wa mwaka na likizo za Agosti na Desemba ndizo za kutoza zaidi. Mei na Juni, mvua ikinyesha na hoteli zikiwa tupu, ndio wakati wa kujaribu vipya mbele ya watu 15.

Kwa dada wanaotaka kazi hii

Mna soko ambalo mwanamume hawezi kuligusa. Shughuli za harusi za wanawake peke yao hukusanya hadhira kubwa, yenye pesa, iliyokuja kufurahi, na hakuna mjomba wa kuangalia kwa jicho. Mkataba wa humo ni mmoja: hakuna kamera. Usirekodi, na usikubali arekodi mwingine, hata akisema ni ya kujiwekea. Ukivunja hilo mara moja hutaitwa tena, na ndivyo inavyopasa. Jina humo linajengwa kwa mdomo, bibi harusi mmoja kwa mwingine. Mtandaoni unaweza kwenda kwa sauti tu, au kwa video ulizotunga mbali na shughuli hizo. Dada mwenye dakika 20 za mama mkwe atakula kabla ya wanaume wote niliowataja hapa.

Hatua ya tano: rekodi, kata, posti

Rekodi kila onyesho, hata baya. Simu moja kwenye stendi, wima, usawa wa macho, ikikukata kiunoni. Simu ya pili, au kinasa kidogo cha kubana kwenye kanzu, kwa ajili ya sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza. Sauti mbovu anaiacha sekunde ya tatu. Weka kinasa kingine karibu na watu, maana klipu isiyosikika kicheko hufanana na mtu anayejisemea. Mlangoni waambie watu kwamba kunarekodiwa, na wasiotaka kuonekana wakae upande fulani. Sura ya mtu usiiposti bila ridhaa yake.

Klipu iwe sekunde 30 hadi 60, wazo moja, ianze na sentensi ya kwanza ya kichekesho. "Habarini mashabiki zangu" futa. Andika maneno yote chini, kwa Kiswahili kinachoeleweka Dodoma na Nairobi, mdomo wako ukiendelea na Kiamu chako. Wengi hutazama bila sauti, na aliye Oman aliyekulia Mkomani atakupenda maradufu kwa lafudhi hiyo. Muziki wa watu usiutie. YouTube huutambua, na mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo.

Swali gumu ni kipi cha kutoa. Kichekesho ulichokiposti kikasambaa kimekufa ukumbini. Watu watakimaliza kabla yako. Basi posti majibizano yako na hadhira, yale yaliyozaliwa usiku ule na hayatarudi, pamoja na vichekesho unavyotaka kuvistaafisha. Dakika kumi zako bora zibaki za waliolipa, mpaka uwe na kumi nyingine.

Posti mara mbili kwa wiki, siku zile zile. Saa tatu usiku hapa ni saa nne Oman na Dubai, watu wetu wa Ghuba wametoka kazini. Klipu moja ipeleke TikTok, YouTube, Facebook na Instagram, usichague dini. Facebook msiidharau, shangazi zenu wote wako huko na ndio wanaoshea.

Hatua ya sita: kusanya nambari, si wafuasi tu

Akaunti inaweza kufungwa asubuhi moja bila maelezo. Nambari za simu ulizo nazo hazifungwi. Mlangoni weka daftari: anayetaka habari za onyesho lijalo aandike jina na nambari kwa hiari yake, na usizitumie kwa jambo jingine, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Halafu tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, usiwarundike kwenye kundi. Orodha moja hubeba watu hadi 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi nambari yako. Kwa hiyo jukwaani, kabla ya kushuka, waambie watoe simu na wakuhifadhi hapo hapo. Wasubiri. Fanya kichekesho cha namna wanavyokuandika.

Tuma ujumbe mara mbili tu kwa kila onyesho: wiki moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Watu 80 wa orodha hiyo wanajaza kiwanda. Wafuasi elfu ishirini walioko Arusha na Eldoret hawajazi.

Njugush ni mfano mzuri wa kuzifunga kamba hizi mbili: video za nyumbani na mkewe zilimpa watu, kisha watu hao hao wakanunua tiketi za maonyesho ya ukumbini.

Hatua ya saba: pesa

YouTube hugawana nawe mapato ya matangazo ukifikisha wanaojiandikisha 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi katika siku 90. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya karatasi yenye nambari ya kuthibitisha anwani. Vichochoro vyetu havina namba za nyumba, kwa hiyo tumia sanduku la posta, msimbo 80500, hata la mjomba, na umwambie asiitupe. Malipo hutoka yakifika dola 100. Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali.

Ukweli ni kwamba pesa hizo huchelewa. Zinazokuja mapema ni ushereheshaji wa harusi, hafla za mashirika na hoteli, na matangazo ya biashara za hapa hapa. Taja bei kabla ya kutajiwa. Chukua nusu kwa M-Pesa siku ya kukubaliana, na nusu kabla ya kupanda, kwa sababu baada ya harusi mwenye pesa hupotea ghafla. Tangazo la kulipiwa lisemwe ni tangazo.

Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, wanasiasa watakuja na bahasha za kukutaka kwenye mikutano. Ni uamuzi wako. Mimi ningekataa: Lamu ni ndogo mno kwa mchekeshaji wa upande mmoja, na bahasha haiji tena baada ya kura.

Hatua ya nane: kutoka kisiwani

Ukiwa na dakika 15 zilizochekesha mbele ya hadhira tatu tofauti, funga safari. Malindi iko njiani na ina wakazi, wageni na Waitaliano wanaozungumza Kiswahili. Jaribu huko kwanza. Mombasa kuna Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ambako vijana wa sanaa hukutana. Dar es Salaam kuna jukwaa la Cheka Tu, na huko lafudhi yako ya visiwani haihitaji tafsiri nyingi. Nairobi iache ya mwisho, au nenda ukijua itabidi uharakishe kidogo.

Kabla ya kwenda, mtumie mwandalizi kiungo cha video moja ya dakika tano isiyokatwa. Klipu zinamwonyesha kwamba uliwahi kuchekesha. Dakika tano mfululizo zinamwonyesha kwamba unaweza kazi. Fika siku moja kabla, kwa sababu barabara ya Garsen haina ahadi. Kaa nyuma ya ukumbi usikilize waliotangulia, ujue ni nini kimeshasemwa. Uliza umepewa dakika ngapi na ni ishara gani itakuonyesha muda umekwisha. Ukipewa saba, shuka ya sita na nusu.